Sekunde 18 za Dané van Niekerk

Tarehe 31 Januari 2023 Afrika Kusini ilitangaza kikosi cha wanawake cha Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita inayorushwa), mashindano ambayo yangeanza nyumbani kwao siku kumi baadaye. Jina la nahodha halikuwamo. Dané van Niekerk alitakiwa kukimbia kilomita mbili kwa dakika tisa na nusu, akachelewa kwa sekunde 18.

Hesabu ya sekunde hizo nimeipiga mara nyingi kuliko inavyostahili. Kilomita mbili kwenye uwanja wa riadha ni mizunguko mitano. Anayemaliza ndani ya muda hutumia sekunde 114 kila mzunguko. Van Niekerk, tukichukulia kwamba mwendo wake haukubadilika, alitumia pungufu kidogo ya 118. Sekunde tatu na nusu na ushee kwa mzunguko ndizo zilizomtoa. Dakika tisa na nusu zilipotimia alikuwa amebakiza mita kama 60, na kwenye kriketi ya wanawake hiyo ni safari ya kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye kamba ya mpaka.

Na sasa upande wa mchezo wenyewe. Mpigaji anapokimbia kutoka mstari mmoja hadi mwingine anakata mita 17.68. Kilomita mbili, kwa hiyo, ni sawa na mikimbio 113. Hakuna mpigaji duniani aliyewahi kukimbia mikimbio 113 mfululizo bila mpira mmoja kurushwa katikati. Kriketi ni mchezo wa kukurupuka na kusimama: mbio kali za sekunde nne, kisha unangoja, unarekebisha glavu, unangoja tena. Van Niekerk zaidi ya hapo alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzungusha, kazi ya hatua chache za taratibu na mkono wenye akili. Mwaka 2017 mjini Leicester, kwenye Kombe la Dunia, aliwarushia West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, ova tatu na mipira miwili, akaangusha wiketi nne, yaani akawatoa wapigaji wanne, bila kutoa mkimbio hata mmoja. Hakuna mrushaji wa kimataifa, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. West Indies wote walitoka kwa mikimbio 48. Mashindano yale alimaliza akiwa na wiketi 15, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote.

Saa ya kocha haina mahali pa kuandika hayo.

Msomaji ameshaona mzani wangu unaelemea wapi. Lakini upande wa pili una hoja, na si za kubeza. Kwanza, sharti halikutungwa kwa ajili yake. Wanaume wa Afrika Kusini nao walikuwa na lao, kilomita mbili kwa dakika nane na nusu, na mrushaji Sisanda Magala aliwahi kuachwa nje kwa sababu za utimamu wa mwili. Ukimsamehe nahodha, msichana wa miaka 19 aliyejikamua asubuhi zote akafaulu utamwambia nini? Pili, halikuwa jambo la kumshtukiza. Van Niekerk alivunjika kifundo cha mguu Januari 2022 baada ya kuteleza nyumbani, na hakuwa amechezea taifa tangu Septemba 2021. Muda wa kujiandaa ulikuwepo, japo mguu uliovunjika una kalenda yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: timu iliyoachwa bila yeye ilifika fainali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya wakubwa ya Afrika Kusini, ya wanaume au ya wanawake, kucheza fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Na jinsi walivyofika ni kama walitaka kumpa haki aliyeshika saa. Kwenye nusu fainali dhidi ya Uingereza pale Newlands, Cape Town, Tazmin Brits alifunga mikimbio 68 kisha akadaka mara nne. Mmoja wa mipira hiyo aliurukia akiwa amenyooka hewani, mkono mmoja, kama mlinda mlango anayetoa mpira pembeni mwa mwamba. Brits huyo aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana wa kurusha mkuki kabla ajali ya gari haijamharibia riadha. Uingereza ilifungwa kwa mikimbio sita. Atakayesema utimamu wa mwili hauamui mechi aitazame ile mara moja tu.

Fainali walipoteza kwa Australia kwa mikimbio 19. Sitaki kusema Van Niekerk angeiziba tofauti hiyo. Mechi haichezwi kwa "laiti".

Mjadala huu ulihamia Uingereza mwaka uliofuata, na huko ulichacha. Oktoba 2024, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa Falme za Kiarabu, Uingereza ilitolewa na West Indies usiku ambao mipira ilikuwa ikiponyoka mikononi mwao. Alex Hartley, mchezaji wa zamani aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2017 na sasa ni mchambuzi, alisema hadharani kwamba wengi kikosini wako fiti lakini wapo wanaoiangusha timu, na kwamba Australia hana mchezaji wa namna hiyo. Wachezaji walinuna. Miezi mitatu baadaye walikwenda Australia kugombea kombe la Ashes, linaloshindaniwa na nchi hizo mbili, wakarudi na pointi sifuri dhidi ya 16, baada ya kupigwa mechi zote saba. Mrushaji wao bora, Sophie Ecclestone, alikataa kuhojiwa na Hartley kwenye televisheni. Kocha akaondoka, na nahodha Heather Knight akavuliwa kitambaa.

Nadhani Hartley alisema kweli, na sioni kwa nini mwanamke anayelipwa kucheza asiambiwe kile ambacho mwanamume angeambiwa bila mtu kutikisa kope. Kumfunika mchezaji wa kulipwa kwa huruma ni namna nyingine ya kumwona bado ni mtoto. Ila ukweli ule ulikuwa nusu. Kwa nini Australia hana mchezaji asiye fiti? Wasichana wa huko hawazaliwi na mapafu mapana zaidi.

Fuata fedha utaona. Ligi yao ya ova 20 ya wanawake ilianza 2015. Mwaka 2017 makubaliano mapya ya malipo yaliuinua mfuko wa wachezaji wanawake kutoka dola za Australia milioni 7.5 hadi milioni 55.2, na fedha hizo hazikuishia kwa mastaa. Zilishuka hadi kwa wachezaji wa majimbo. Mwaka 2019 ikaongezwa likizo ya uzazi ya miezi 12 yenye malipo. Uingereza ilitoa mikataba ya kwanza ya timu ya taifa mwaka 2014, kwa wachezaji 18. Chini ya hao 18, mikataba ya kudumu ilikuja Desemba 2020, kwa wachezaji 41. Mchezaji wa Uingereza aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2017, kama hakuwa timu ya taifa, alifanya mazoezi baada ya masomo au kibarua, akala alichokikuta. Mwenzake wa Australia alikuwa na kocha wa viungo, mtaalamu wa lishe, na saa nane za usingizi bila wasiwasi wa kodi ya nyumba. Walipokutana Melbourne Januari 2025, kila mmoja alikuja na mwili uliojengwa kwa miaka hiyo. Huwezi kuuvuna kwa kukemewa wiki ya mashindano.

Afrika Kusini mpangilio wenyewe unasema. Saa ilimkataa Van Niekerk mwezi Januari 2023. Agosti mwaka huohuo ndipo chama chao kilipotangaza ligi ya ndani ya wanawake ya kulipwa, pamoja na posho za mechi za timu ya taifa zilizo sawa na za wanaume. Kipimo cha kulipwa kilitangulia malipo yenyewe. Haki ya kusema, Van Niekerk binafsi hawezi kujificha nyuma ya hoja hii. Alikuwa na mkataba wa taifa kwa miaka. Ninaowafikiria ni waliokuwa chini yake, wale ambao siku moja wangepaswa kumrithi. Ukiweka lango la dakika tisa na nusu mbele ya watu ambao baadhi wanalipwa na wengi hawalipwi, unachopima pale si mapafu peke yake. Unapima pia nani ana gari la kumpeleka jimu na nani anasimama dukani hadi saa moja usiku.

Halafu yupo Lizelle Lee. Huyu ni mfunguzi wa upigaji na mlinda wiketi (anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) wa Afrika Kusini aliyestaafu kuchezea taifa Julai 2022. Baadaye alieleza kwamba kilichomshinda ni vipimo vya uzito na mafuta ya mwili, na kwamba aliona akibaki angenyimwa hata kibali cha kucheza ligi za nje, akaona bora aondoke. Novemba 2024, akiichezea Hobart Hurricanes kwenye ligi ya Australia, alifunga mikimbio 150 kwa mipira 75 bila kutoka, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia katika ligi hiyo tangu ianze. Mlinda wiketi huchuchumaa na kuinuka mara 120 katika kila mechi ya ova 20. Mtu anayefanya hivyo, kisha akasimama kupiga mipira 75 kwenye jua la Novemba, mimi nashindwa kumwita asiye fiti. Nchi inayosifiwa kwa utimamu wa wachezaji wake ndiyo iliyompa nafasi, na nchi yake mwenyewe ilikuwa imemhesabia mafuta kwa koleo la kupimia unene wa ngozi.

Kipimo hicho cha koleo ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko kile cha kukimbia. Madaktari wa michezo wanajua siku nyingi kinachompata mwanamke anayekula pungufu ya anachotumia ili mizani ifurahi: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, nyufa hutokea miguuni. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliandika waraka maalumu juu ya upungufu huo wa nishati mwaka 2014. Ukimwambia mchezaji mkataba wake unategemea unene wa ngozi ya tumbo, wapo watakaofanya mazoezi zaidi, na wapo watakaoacha kula. Wote wawili watafaulu. Koleo haliwezi kukuambia yupi ni yupi.

Katika Januari ileile ya 2023, nchi ileile ya Afrika Kusini ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19. Rwanda, wasichana waliokulia kriketi ya Gahanga nje kidogo ya Kigali, waliifunga Zimbabwe kwa mikimbio 39. Henriette Ishimwe aliangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Kisha wakawatoa West Indies wote kwa mikimbio 70 na kuipita wakiwa na wiketi nne mkononi, nahodha Gisele Ishimwe akiwa bado anapiga bila kutolewa. Hapakuwa na ligi ya kulipwa nyuma yao. Walikuwa wepesi, wanadaka, wanakimbia kama watu waliofundishwa vizuri na kupewa muda. Sisi wa ukanda huu tumezoea kuazima kanuni kutoka kwa wakubwa kabla ya kuazima bajeti zao. Saa ya kupimia ni ya bei nafuu. Kocha wa viungo anataka mshahara kila mwezi.

Sidai kipimo kifutwe. Mchezaji wa kulipwa apimwe, mara tatu kwa mwaka ikibidi, na kwa vitu vinavyofanana na kazi yake: mita 20 za kwanza, kugeuka kwenye mstari, kurusha mpira kutoka kambani, kurudia mbio fupi baada ya mapumziko mafupi. Majibu yaende kwa kocha, ambaye anajua kwamba mrushaji wa mipira ya kasi anahitaji pafu jingine na mzungushaji wa miaka 29 aliyewahi kuvunjika kifundo anahitaji programu nyingine, na kocha ndiye aamue na kubeba lawama. Kinachoudhi katika sekunde 18 ni kwamba hakuna mtu aliyelazimika kusimama na kusema "mimi nimemwacha". Namba ilisema kwa niaba ya wote.

Wenye fedha zao hawakuisikiliza namba hiyo. Februari 13, mashindano yakiendelea Afrika Kusini bila nahodha wao, ulifanyika Mumbai mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India. Royal Challengers Bangalore walimchukua Van Niekerk kwa rupia milioni tatu. Mwezi uliofuata alistaafu kuchezea taifa, na haukupita muda chama cha Afrika Kusini kikalegeza kanuni: kushindwa kipimo kusimtoe mchezaji moja kwa moja, uamuzi ubaki kwa makocha. Magala alirudi kikosini. Van Niekerk ilimchukua hadi Agosti 2025 kubatilisha kustaafu kwake na kuitwa tena kambini. Alikuwa na miaka 32, na Kombe la Dunia la nyumbani lilikuwa limeshapita.