Chati ya Moody: programu ichore au tubaki na penseli?

Kuna hoja inazunguka sana kwa watu wa majimaji na mabomba, kwamba kuchora na kusoma kwa mkono chati ya Moody, ile grafu ya kutafuta msuguano ndani ya bomba, kumepitwa, programu inakupa f, yani namba ya msuguano, kwa sekunde moja. Wengine wanabisha, wanasema usiposoma ile mistari kwa jicho lako hutaelewa msuguano hata siku moja. Mi naona wote wana pointi ila shida kubwa wameiruka.

Programu tuipe haki yake kwanza. Ikwesheni ya Colebrook ya 1939, ile ya kukokotoa f, ina f pande zote mbili, huwezi kuitoa ikakaa peke yake, inabidi ukisie, uingize, upate nyingine, urudie tena, na ndo maana Moody alivyotoa chati yake 1944 mainjinia walipumua. Sasa kompyuta inarudia mara nne tano imemaliza. Alafu chati ina skeli ya logi, yani nafasi kati ya namba hazilingani, ukidondokea katikati ya mistari miwili unakadiria tu, huyu anasoma 0.022 yule 0.023 na wote wana rula.

Lakini ngoja niweke namba. Chukua Reynolds (namba inayoonyesha mtiririko ni tulivu au wa vurugu) 100,000, na mkwaruzo wa ndani, yani kimo cha vinundu vya ukuta wa bomba, ukigawa kwa kipenyo upate 0.001. Colebrook inatoa 0.0222. Fomula ya Swamee na Jain ya 1976, ambayo haihitaji kurudiarudia, inatoa 0.0223, tofauti haifiki hata asilimia moja. Sasa fanya mkwaruzo uwe mara mbili, yani 0.002, f inapanda mpaka 0.0251, hiyo ni kama asilimia 13. Na bomba la chuma likishaanza kutu ndani mkwaruzo kuongezeka mara mbili si ajabu kabisa! Kwa hiyo mtu anabishana desimali ya nne wakati ile 0.045 mm ya mkwaruzo aliyoingiza kaitoa kwenye jedwali la chuma kipya, na bomba lake limekaa ardhini miaka.

Hapo ndo penseli inashinda kidogo, kwa sababu chati inakuonyesha mistari ilivyosogeleana au kuachana, unaona kwa macho mkwaruzo unaanza kutawala wapi. Programu inayokupa namba tupu inakuficha hilo.

Kingine, kati ya Reynolds 2000 na 4000 mtiririko haujatulia, mara tulivu mara vurugu, sasa programu ikiunganisha pale kwa mstari mmoja laini inakudanganya, heri paachwe wazi au papakwe kivuli. Na angalia f ni ya nani, maana kuna namna mbili za kuipima, ya Darcy na ya Fanning. Ya Darcy ni mara nne ya Fanning, ukichanganya presha inayopotea inatoka mara nne au robo. Kuikagua ni rahisi, nenda kwenye mstari wa mtiririko tulivu, pale Reynolds 1000, ukikuta 0.064 ni Darcy, ukikuta 0.016 ni Fanning.

Kwa mwanafunzi mimi nasema aandike programu yake mwenyewe, kwa lugha ya Python au hata jedwali la Excel inatosha, achore mistari yote, ndo ahamie programu za kununua. Na kazini, usichore mstari mmoja wa bomba lako. Chora miwili, wa bomba jipya na wa bomba lililochoka, pampu uichague ukiangalia nafasi iliyo katikati yao.