Anga la Dar limeshafunguka, tuache kujifanya limefungwa

Ukitaka kujua kama droni zinaruhusiwa Dar es Salaam, usianze na sheria. Anza na dalali wa viwanja. Ingia kwenye ukurasa wake wa Instagram uone kiwanja cha Madale kinavyopigwa kutoka juu: kamera inapanda taratibu, barabara ya vumbi inaonekana fupi kuliko ilivyo, muziki unalia, kisha yanakuja maandishi kwamba hati ipo, umeme upo na maji yako njiani. Ukitoka hapo pitia kwa wapiga video za harusi. Halafu nenda kwa wasanii wa Bongo Fleva, ambao tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 sijui kama amebaki hata mmoja ambaye hajalipiga kutoka upande wa bahari.

Kwa hiyo swali la kama serikali iruhusu biashara ya droni limechelewa. Biashara ipo, ina bei zake, ina washindani wake, na Kariakoo wapo mafundi wanaokubadilishia propela ukisubiri. Kilichobaki ni serikali kuamua kama inataka kuwajua wanaoifanya. Mimi nasema iwajue wote, na njia ya kuwajua ni kukirahisisha kibali cha wale wadogo mpaka mtu akose sababu ya kukikwepa.

Kwa kanuni za 2018, chombo unakisajili Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, unaomba kibali cha kukirusha, na Wizara ya Ulinzi nayo lazima iridhie. Kwenye karatasi hakuna ubaya. Na kabla vijana hawajaanza kunirushia mawe, niseme wazi kwamba sitawabeza wanajeshi. Jiji hili limekua mpaka likazizunguka kambi. Lugalo iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, foleni inaganda mbele ya geti lake. Mabomu ya Mbagala ya Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya Februari 2011 yalilipukia kwenye maghala yaliyokuwa jirani kabisa na nyumba za watu, na waliokimbia usiku ule wa Gongo la Mboto bado wanasimulia. Mwenye maghala ya namna hiyo ana haki ya kuuliza kamera inayopita juu yake ni ya nani.

Uwanja wa ndege nao hivyohivyo. Ndege inayoshuka Julius Nyerere inapita chini kwelikweli juu ya mabati ya watu. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, karibu na London, ulisimamisha safari kwa zaidi ya saa 30 kwa sababu tu watu waliripoti kuona droni karibu na njia ya kurukia. Abiria wapatao 140,000 waliharibikiwa safari. Kama Waingereza walikwama kiasi hicho, sisi tusijidanganye kwamba askari wetu mwenye filimbi ataishusha.

Tatizo langu liko kwa watu ambao kanuni hizi zinawafikia na wale zinaowakosa. Nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, kikao Sinza, mishkaki mezani, mpiga picha amekuja na orodha yake ya bei. Picha za angani zilikuwa na mstari wao peke yake. Mzee mmoja mstaafu, wale wasiopitisha bajeti bila kuuliza, akamwuliza, "Kijana, hiyo ndege yako ina kibali?" Yule kijana akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, tukisubiri kibali, bwana harusi atakuwa ana watoto wawili." Kamati nzima ikacheka, mzee naye akacheka, na bajeti ikapita. Siku ya harusi droni iliruka, ikazunguka ukumbi, ikawafukuza kunguru juu ya mwembe, ikashuka. Hakuna aliyemwuliza tena.

Kulikuwa na mpiga picha mwingine kwenye mchujo ule. Huyo alisema kweli: picha za angani hafanyi, kwa sababu karatasi zake hazijakamilika. Kazi aliikosa. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba kanuni kali zinalinda usalama. Kwenye soko la harusi la Dar zinamwadhibu anayezisoma.

Na nani anayemudu kusubiri? Kampuni kubwa ya madini inamudu, ina ofisa wa kufuatilia makaratasi na mradi wa mwaka mzima. Shirika la nje lenye wafadhili linamudu pia. Kijana wa Mwananyamala aliyekopa kwa shemeji yake akanunua droni ndogo isiyofika hata robo kilo, na harusi ni Jumamosi ijayo, hamudu. Kwa hiyo anaruka bila jina, bila bima, bila mtu wa kumwambia kwamba kule alikoielekeza kuna kambi.

Nchi hii inajua vizuri faida ya kufungua mlango. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye kata zinazofurika, Tandale ikiwemo, wakishirikiana na wenyeji kuchora mitaro, vichochoro, nyumba na sehemu maji yanakofika. Droni zilipiga picha za juu, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia zikiwa ndani ya mradi. Picha ya setilaiti ya jiji hili mara nyingi inakuletea mawingu, na hata anga likiwa jeupe huwezi kutofautisha mtaro na kivuli cha ukuta. Droni inapita chini ya mawingu na unaona mpaka taka zilizoziba karavati. Wanaokumbuka Desemba 2011, Msimbazi ulipovunja kingo, makumi ya watu wakafa na wengine wakahamishiwa Mabwepande, wanajua thamani ya kujua karavati lipi limeziba kabla ya masika.

Ng'ambo ya maji, Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni na kuipiga picha Unguja yote na Pemba yote. Marubani walikuwa vijana wa hapohapo. Napenda sana kuwataja watu hawa ninapoambiwa kwamba teknolojia hii ni ya wageni.

Halafu kuna yale yaliyotuponyoka. Mwaka 2018 droni ya mizigo ilijaribiwa kati ya Mwanza na Ukerewe, kilometa 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40, ikibeba dawa. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2017, ulitangazwa mpango na kampuni ya Zipline wa kupeleka damu na dawa kwa droni, kituo cha kwanza kiwe Dodoma, na vikikamilika vituo vinne ziwe safari hadi 2,000 kwa siku. Mpango huo haukuruka kama ulivyotangazwa. Rwanda, walioanza na kampuni hiyohiyo Oktoba 2016 pale Muhanga, waliendelea. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba damu inayoharibika kwa kupitwa na muda kwenye vituo vyao ilipungua kwa asilimia 67. Sidai kwamba kanuni peke yake ndizo zilizotukwamisha, mipango ya namna hii ina fedha na siasa ndani yake. Lakini Rwanda waliandika kanuni zinazomwambia mrushaji kiwango cha usalama anachotakiwa kufikia, kisha wakamwacha athibitishe atakavyokifikia. Kenya walihangaika zaidi: kanuni zao za 2017 zilikataliwa na Bunge, mpya zikaja 2020.

Sisi tuna mwalimu wetu wa nyumbani, naye ni bodaboda. Pikipiki zilianza kubeba abiria Dar kabla sheria haijazitambua. Zilifukuzwa, zilikamatwa, zikarundikwa vituoni, na kila jioni zikaongezeka. Mwaka 2010 ndipo kanuni zikaja kutambua kwamba pikipiki inaweza kuwa chombo cha abiria. Hata leo utaratibu wake hatujaumaliza, helmeti ya abiria ni hadithi, na wodi za mifupa zimejaa. Sehemu ya gharama hiyo ni ya miaka ile tuliyojifanya hatuwaoni. Droni ziko kwenye miaka hiyohiyo sasa, tofauti ni kwamba bado ni chache na bado inawezekana kumjua kila mwenye nayo.

Na kumjua mtu tunajua. Kati ya 2019 na Januari 2020 nchi nzima ilipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Bibi yangu alisajiliwa. Kama bibi aliwezekana, droni iliyoingia kwa mzigo wa China na ina namba yake kiwandani haiwezi kushindikana. Muuzaji wa Kariakoo aisajili palepale kama anavyosajili laini, namba ya chombo ikae pamoja na ya NIDA, na chombo kibandikwe namba inayosomeka. Anayerusha kwa biashara awe na bima, ile ya kumlipa mtu wa tatu, maana siku propela itakapomkata mtoto usoni kwenye kipaimara hatutaki kusikia kwamba mpiga picha amezima simu.

Baada ya hapo tupime kwa hatari. Ulaya wanafanya hivyo tangu mwisho wa 2020: chombo chepesi, mrushaji anakiona kwa macho, hakizidi mita 120 kwenda juu, hakuna haja ya kuomba ruhusa kila safari. Kizito, au kinachopita juu ya mkusanyiko, au kinachokwenda mbali na macho, huko ndiko maswali yanakoongezeka. Viwanja vya ndege, kambi na Ikulu viwekewe mipaka kwenye ramani iliyo wazi, ambayo mtu anaifungua kwenye simu akiwa Coco Beach na kujua kama aliposimama panaruhusiwa. Anayevuka mpaka huo akamatwe na chombo kitaifishwe. Hapo sina huruma.

Lakini kuna jambo ambalo linaniudhi kuliko yote, na wenye kudai uhuru wa droni hawaligusi. Ukisoma mjadala mzima utaona tunalinda siri za serikali na maslahi ya wafanyabiashara. Mama wa Manzese yuko wapi?

Uswahilini bafu nyingi ni kuta nne bila paa. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyesimama chini, na kwa miaka yote umetosha. Sasa kijana anapiga tangazo la ghorofa jipya, droni inapita juu ya nyumba kumi ambazo hazihusiki, na kamera haichagui. Uani ndiko watu wanakofulia, wanakosukana, wanakomlaza mgonjwa apate hewa, wanakokaa na khanga moja kwa sababu joto la Februari halina adabu. Nimeona pia droni ikizunguka juu ya makaburi ya Kinondoni shehe akiwa katikati ya dua, inalia kama kijinyuki, waombolezaji wakainua vichwa. Aliyefiwa hakuitwa kwenye kikao cha kuipitisha.

Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha yake na ya nyumbani kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Vizuri. Ila mama huyo hatafunga duka la genge apande daladala kwenda kuandika malalamiko dhidi ya kitu kilichopita juu kwa dakika mbili na hakina namba. Atakachofanya ni kutukana, na wanawe watarusha mawe. Ndiyo sheria tuliyo nayo kwa sasa.

Ndiyo maana nataka mrushaji wa biashara, kabla hajainua chombo juu ya makazi, atoe taarifa ofisi ya serikali ya mtaa: jina, namba ya droni, saa, na eneo atakalopiga. Nasema taarifa, sisemi kibali, kwa sababu namjua mwenyekiti wetu na ninajua muhuri wa mtaa ulivyo na bei yake. Ujumbe wa simu unatosha. Mama akiuliza, mtaa unajua. Na picha ya uani kwake ikiingia mtandaoni, kuna jina la kuanzia, na adhabu iwe nzito kuliko ile ya kukosa karatasi. Leo ni kinyume: ukikosa karatasi una kesi, ukichungulia bafu la mtu una wafuasi.

Najua nitakachojibiwa, kwamba Wizara ya Ulinzi haiwezi kukaa pembeni. Isikae. Iichore ramani ya maeneo yake, ibaki na sauti ya mwisho humo na kwa vyombo vizito, lakini ombi la kupiga harusi Kibamba kwa droni ndogo lisipande mpaka mezani kwake. Kwa yale yanayolazimika kupanda, iwekwe siku ya mwisho ya kujibu. Mimi ningesema siku saba za kazi, na zikipita kimya ombi lihesabiwe limekubaliwa. Wakisema saba hazitoshi, wataje zinazotosha, na wazitangaze ili mpiga picha ajue kama achukue malipo ya awali ya bwana harusi au amrudishie.