Kimo, foleni na kilio

Eti bustani kubwa za burudani ni za watoto! Nenda na mtoto wa miaka minne uone. Mmepanga foleni juani mpaka "bado?" zake zimekuishia majibu, mnafika mbele, kijana mwenye sare anamsimamisha kando ya kibao cha kupimia urefu. Hafiki. Kilio kinaanza, na mbaya ni wewe mzazi.

Sikatai, sharti la kimo lina sababu: kizuizi cha kiti kisipombana vizuri, mtoto anaweza kuchomoka. Lakini si masihara. Space Mountain, treni ya kasi ya kubembea kwenye reli katika bustani za Walt Disney World, Florida, Marekani, inataka sentimita 112, kimo ambacho watoto wengi hukifikia wakikaribia miaka sita. Sasa huyu wa minne tumemleta kushangaa nini?

Wenye watoto wa rika tofauti ndio wanaokoma. Mkubwa anataka treni ya kasi, mdogo farasi wa kuzunguka, navyo viko pande mbili za bustani (na kigari cha mtoto hakisukumiki kwenye umati). Bustani nyingi kubwa huruhusu wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila foleni mpya. Utaratibu mzuri sana. Ila usipouliza, imekula kwako.

Halafu ile njia ya kutokea! Mara nyingi inapita katikati ya duka la midoli, rafu zimepangwa usawa wa macho ya mtoto. Tena yule yule aliyekataliwa kupanda.