Mimi na Bahari ya Hindi Hatujawahi Kusalimiana

Mwangaluka, jamani. Kabla hamjaziba pua, naomba niseme mwenyewe: harufu mnayoisikia ni ya ndoo 18 za dagaa walionyeshewa. Nimeoga mara tatu. Sabuni imeisha, harufu bado ipo.

Ilikuwa hivi. Giza la mwezi lilikuwa limekolea, wavuvi wa Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, wakavua usiku kucha kwa taa zao za sola, alfajiri mitumbwi ikarudi imelala chini kwa uzito. Nikanunua ndoo 18. Nusu kwa hela yangu, nusu kwa hela ya kikoba cha Mama Kulwa, ambayo yeye mpaka saa ile alijua imo kwenye kopo la maharage. Nikawatandaza kichanjani taratibu kama nalaza watoto wa bweni, asilaliwe mtu na mwenzake. Si mchangani. Mimi ni mtu wa kichanja, sitaki mteja atafune dagaa meno yalie kama anakula ufukwe.

Na ilikuwa Julai! Mwanza mvua ya masika ikishaaga mwezi wa tano, hatuitarajii tena mpaka miezi ya vuli. Julai ni vumbi na upepo, na jua la kukausha dagaa mpaka jioni wanalia kacha kacha ukiwachota. Anga lilikuwa safi. Nikajiegesha chini ya mwembe nipumzishe macho.

Nikiri kitu kimoja. Redioni asubuhi walisema kutakuwa na mvua "katika maeneo machache". Sasa nchi hii ni kubwa. Ukisikia maeneo machache unawaza maeneo ya watu wengine, huko wanakokaa watu wa maeneo machache. Kumbe maeneo machache ni mimi! Ni kichanja changu na hatua kama 10 kila upande. Jirani yangu wa kulia hakupata hata tone. Alisimama mkavu, mikono kiunoni, akinitazama nakimbia na kanga mbili na mlango wa choo nilioung'oa nipate cha kufunikia. Akasema, "Pole jirani." Ile pole ya mtu mkavu haiingii mwilini.

Dagaa akinyeshewa hakusamehe. Kwanza anateleza, halafu anageuka rangi ya chai ya maziwa, kesho yake anaanza kunuka mpaka paka anakupita kwa heshima. Nikajipa moyo, nikawapeleka soko la Mwaloni pale Kirumba. Yule mama mnunuzi akamchukua dagaa mmoja, akamvunja shingo karibu na sikio. Dagaa hakusema kitu. Akanirudishia, akasema, "Kaka yangu, hawa ni wa kuku." Kwa hiyo wakaenda kwa mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu Mama Kulwa naye ana simu.

Jioni kijana wa dada yangu akaja kunipa pole. Huyu yuko chuo, na kila akija anakuja na habari moja ya kuniharibia usingizi. Akakaa, akafungua simu, akasema, "Mjomba, unajua bahari imechemka?"

Nikamuuliza, imechemka nyuzi ngapi?

"Wastani wake umepita kidogo nyuzi 21."

Nilicheka mpaka nikasahau dagaa. Nyuzi 21! Hilo ni joto la maji ambayo Mama Kulwa akiyagusa anasema unataka kuniua na nimonia. Ziwa letu hapa ni nyuzi 24, 25 mwaka mzima, na hatujawahi kuitisha kikao. Kijana akangoja nimalize. Akasema hiyo ni bahari yote ya dunia, ukiacha tu kule karibu na ncha kwenye barafu, maji ya moto na ya baridi yakiwekwa sufuria moja. Akaniambia kuanzia Mei 2023 hadi Mei 2024 haikupita hata siku moja bila bahari kuvunja rekodi ya tarehe ile. Kila siku! Mimi mwaka mzima sijaweza kufanya kitu kimoja kila siku, hata kupiga mswaki, sembuse kuvunja rekodi.

"Halafu mjomba, kule Florida, Marekani, Julai 2023 kipimo kwenye ghuba moja kilisoma nyuzi 38.4." Hapo nikanyamaza. Mama Kulwa akiweka kipimajoto kwapani kwa mtoto kikasoma 38.4, tunatafuta bodaboda ya kwenda zahanati saa hiyo hiyo. Kijana akaongeza kwamba pale maji yalikuwa ya kina kifupi, yenye tope, kwa hiyo wataalamu wanabishana kama yanahesabika. Mimi sibishani. Maji yenye homa ni maji yenye homa.

Nikauliza, na nani anaingia huko kuipima? Akasema kuna vyombo karibu 4,000 vinaelea baharini, vinaitwa Argo. Vinazama mpaka mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hivi vinaibuka na kutuma taarifa kwa setilaiti. Nikafikiria. Chombo cha chuma kinazama mita 2,000 na bado kinakumbuka kutoa taarifa. Mimi nina vijana wawili nimewatuma Kayenze tangu Jumanne kufuata kamba, simu hazipatikani.

"Sasa joto lote hilo linatoka wapi?"

"Moshi wetu, mjomba. Magari, viwanda, makaa ya mawe. Joto linalozidi duniani, karibu asilimia 90 linamezwa na bahari."

Hilo nililielewa haraka, maana nimewahi kukaa jikoni msibani. Lile sufuria la msiba la wali linachelewa kuchemka, watu wanalalamika, wanaongeza kuni. Likishachemka, hata ukizivuta kuni zote bado linatokota mpaka waombolezaji wanaondoka. Ila swali langu lilibaki pale pale. Sufuria liko huko baharini. Wali unaungua kwangu kwa nini? Mimi Dar nimefika mara moja tu, kwa basi, kilomita zaidi ya 1,100, nikashukia stendi, nikaibiwa begi, nikageuza. Bahari sijaiona. Mimi na Bahari ya Hindi hatujawahi kusalimiana, hatudaiani, hatujaoleana.

Kijana akachukua kipande cha mkaa akaanza kuchora sakafuni. (Sakafu ameipaka Mama Kulwa juzi. Hilo lilikuja kuwa kesi nyingine.) Upande huu ni sisi Afrika Mashariki, upande ule Indonesia, katikati Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya kwao, mawingu yanatufuata sisi, vuli inamwaga kama ina hasira. Maji ya kwao yakizidi, mawingu yanahamia kwao, sisi tunabaki kutazama juu.

Nikamwambia acha, nimeelewa. Hiki ni kitanda kimoja chenye blanketi moja. Mwaka 2019 tulilivuta sisi: mvua huku mpaka ziwa likapanda, wenzetu wa Australia wakaungua na moto wa misitu. Mwaka 2022 likavutwa upande wa kule, vuli yetu ikawa ya kuhesabu matone. Mwaka 2023 tukalivuta tena. Kumbe nalala kitanda kimoja na Waindonesia miaka yote hii na sijui hata wanakoromaje!

"Na El Niño je?"

"Huyo ni wa Pasifiki, mjomba. Jina walimpa wavuvi wa Peru, maana yake Mtoto, kwa kuwa maji ya moto walikuwa wakiyaona karibu na Krismasi." Basi huyo mtoto hakulelewa. Mwaka 1997 alipokuja huku, barabara na madaraja yalikatika, na sisi tuliokuwa vijana tulipata kazi ya kuvusha watu mgongoni kwenye madimbwi. Nikikumbuka vizuri, ile ndiyo biashara pekee ya mvua niliyowahi kupata faida.

Wakati huo babu jirani alikuwa ameshasogeza kigoda. Babu huyu ana goti la kushoto ambalo watu wa Igombe wanaliheshimu. Likiuma juu, mvua. Likiuma chini, upepo. Likiuma lote, amekula maharage. Akasema, "Nyie mnasema rekodi. Mimi nimeiona rekodi kwa macho. Mwaka wa Uhuru."

Na kweli. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika inapandisha bendera, mvua nayo ikaamua kupandisha ziwa. Kufika 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Babu anasema shamba la baba yake liliingia majini na jiwe la mpaka likiwa ndani yake, na mpaka leo anadai sehemu ile ya ziwa ni ya ukoo. Akasema 2020, maji yalipopita alama ile ya 1964, alikwenda ufukweni kuangalia kama lile jiwe litatapikwa. Halikutapikwa. Kijana akapekua simu, akasema hata 1961 lile blanketi lilikuwa upande wetu. Babu akamtazama kama anayetazama mtoto aliyegundua kuwa maji yanalowanisha.

"Kwa hiyo," nikasema, "hizi ndoo 18 nadai Bahari ya Hindi."

Hapo kijana akaniangusha. "Mjomba, kimvua kimoja cha Julai siwezi kuisingizia bahari. Hicho huenda ni cha ziwa lenyewe." Akaeleza kwamba mchana upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, usiku unageuka, mawingu yanakutana katikati ya maji, ndiyo zile radi tunazoziona usiku zikiwaka kwa mbali upande wa visiwani. Maji yanayoingia Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 80 ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Yaani linajinyeshea lenyewe! Linatoa mvuke, linautengeneza wingu, linajimwagia. Na lililobaki mfukoni likaja kummwagia nani? Mimi.

Sasa nimshtaki nani? Bahari nilimwona anafaa, ni mkubwa, ana homa, yuko mbali, hawezi kuja kunijibu. Ziwa ni jirani. Ndilo linalonipa dagaa. Nikilitukana leo, kesho naliendea na ndoo.

Babu akashika goti, akasema, "Kesho jua." Nikamuuliza na leo asubuhi lilisemaje. Akasema leo asubuhi lilisema mvua, ila hakuna aliyemuuliza.

Wiki iliyofuata Mama Kulwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshafungua kopo la maharage, akanituma dukani trei moja ya mayai kwa hela niliyohesabiwa kiganjani mbele ya watoto. Nikafika, muuzaji akanitajia bei mpya. Nikaruka. Mayai yamepanda tena? Kwa nini?

"Si chakula cha kuku, mzee. Kimepanda," akasema huku akifunga trei kwa kamba. "Dagaa hawapatikani. Wanasema kule Igombe walinyeshewa."