Hatua ya 7, na sahihi ni yangu

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya shoga yangu wa benki ya damu, eti nililia na kuunguza slaidi kwenye semina ya maabara yetu, nisikilizeni na mimi mwenye msiba. Kwanza, sikulia. Chupa ya methanoli ilikuwa wazi, macho yakaniwasha, basi. Pili, sikuunguza slaidi. Afadhali ningeunguza, ningesingizia umeme.

Alhamisi ilikuwa semina yetu ya ndani, namna ya kuandika na kufundisha SOP, yaani karatasi ya utaratibu wa kazi hatua kwa hatua. Mwalimu, mimi. Kiti cha mbele mganga mfawidhi, ambaye maabara kwetu huonekana ukaguzi ukinukia. Nyuma yake wafanyakazi wote, wanafunzi wanne wa vitendo, na huyo shoga yangu aliyefuata soda.

Nikaanza kwa maringo. "Kisichoandikwa hakikufanyika. SOP ikiwa nzuri, hata aliyefika jana anaifuata bila kumuuliza mtu. Leo mimi sisemi neno, karatasi itasema."

Nikamwita binti mmoja mpole, wiki yake ya kwanza, nikamkabidhi SOP ya kupaka rangi slaidi za malaria, toleo la 4, plastiki yake bado inang'aa. Slaidi nilikuwa nimeziandaa mwenyewe asubuhi: mikrolita 6 za damu kwa tone nene, 2 kwa tone jembamba, yote mawili kwenye kioo kimoja, zikakaushwa vizuri. Damu yenyewe sikubahatisha. Nilishaisoma, pete za falsiparamu, kimelea cha malaria, zimejaa kama dagaa sokoni.

Binti akafanya kazi ya kupendeza. Mililita 1 ya rangi ya Giemsa, mililita 9 za maji ya bafa (yanayotunza kiwango cha asidi) ya pH 7.2, amesoma kipimio jicho likiwa usawa wa mstari. Mimi nimempa mgongo, nawahutubia watu kwamba rangi ya asilimia 10 ni dakika 10 hadi 15, ile ya asilimia 3 ni 45 hadi 60, na asiyetofautisha hizo mbili akauze mitumba. Huko nyuma yangu binti akashika slaidi, akaizamisha yote kwenye methanoli kama andazi kwenye chai. Shoga yangu aliona. Anasema alinyamaza kwa sababu alidhani ndio utaalamu.

Wasio wa maabara, dakika moja. Tone nene haligusi methanoli. Maji yaliyomo kwenye rangi yanatakiwa yazipasue seli nyekundu, wekundu wake utoke, vibaki vimelea na seli nyeupe. Methanoli inazigandisha zile seli, hazipasuki tena, nawe unabaki unachungulia ukuta. Tone jembamba ndilo linaloitaka, ili seli zibaki na umbo lake ujue ni aina gani ya malaria.

Haya. Dakika 10 zikaisha, slaidi ikasuuzwa, ikakauka. Nikadondosha mafuta, nikaleta lenzi ya 100 ya hadubini, kamera ikarusha picha kwenye televisheni ya ukutani. "Tutazame tone nene," nikasema, bado nawaangalia watu. Watu wakatazama. Nikaona nyuso hazicheki wala hazishangai. Nikageuka. Wekundu mtupu, seli zimelaliana tabaka kwa tabaka. Nikasogeza huku, wekundu. Kule, wekundu. Mfawidhi akauliza kwa upole, "Hapo malaria ni ipi?"

Nikamgeukia mtoto wa watu. "Umechovya slaidi nzima? Nani kakufundisha?"

"Nimefuata ilivyoandikwa, mwalimu."

Hapa ningeweza kunyamaza. (Wewe uliyeandika "pole" na vikatuni vitatu vya kucheka, nimekuona.) Sikunyamaza. Nikainyakua karatasi, nikapandisha miwani, nikavaa sauti ya mhubiri ili aibu imwingie barabara. "Hatua ya 7! Chovya slaidi kwenye methanoli..." Ulimi ukaanza kutafuta breki. "...kwa sekunde... tano." Feni inazunguka. "Acha... ikauke."

Toleo la 3 lilikuwa na hatua mbili: chovya upande wa tone jembamba tu, slaidi imeinama, tone nene liwe juu, halafu onyo kwamba methanoli wala mvuke wake usiliguse tone nene. Mimi nilitaka yote yaenee ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nikafuta kila ambacho mtu wa maabara anakijua. Huyu binti alikuwa na siku nne maabara.

Mfawidhi akanyoosha mkono, nikampa. "Imeandaliwa na nani?" Jina langu. "Imepitiwa na?" Jina langu, nilikuwa nakaimu. Akafunua karatasi ya waliosoma na kuelewa: sahihi 11, kalamu moja, siku moja, mmoja wao yuko likizo ya uzazi tangu mwezi jana.

"Inatumika tangu lini?"

"Jumatatu, daktari."

Ukimya ule siwezi kuuandika. Akauvunja mzee wetu, anayestaafu mwakani. "Usiwe na hofu, daktari. Mimi hiyo karatasi sijaisoma." Mwingine, "Hata mimi." Wakapokezana kama salamu. Yaani wagonjwa wa wiki nzima wamesalimika kwa sababu SOP yangu haikusomwa na mtu. Mfawidhi alishusha pumzi. Mimi hata sijui nilishusha nini.

Yaliyobaki ni upesi upesi. Tulirudia kusoma slaidi zote tangu Jumatatu, matone manene yako salama. Fomu ya kasoro nimejaza, toleo la 4 limebanduliwa na kupigwa muhuri wa kutotumika, toleo la 5 limerudisha hatua zote mbili na limejaa kurasa mbili. Aliyelijaribu ni binti yuleyule, mimi nikiwa nje, mlango umefungwa. Pete zikaonekana. Nimemwomba radhi, amekubali, ila sasa kila ninachosema anauliza kimeandikwa wapi.

Jana kantini nimeagiza chai na maandazi mawili. Mama ntilie akaniwekea mezani, akasimama, akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, unachovya nzima au upande?"

Meza ya benki ya damu ikalala kwa kicheko.