Mzee Mwenye Bahasha ya Kaki

Mzee amekaa kwenye benchi, magoti yamebanana, bahasha ya kaki iko mapajani na ameishika kwa mikono miwili. Koti limemzidi mabega. Viatu vimepigwa rangi vizuri, lakini kamba za kiatu kimoja ni nene kuliko za kingine. Shingo imesogea mbele, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, sikio limetangulia. Ndivyo anavyokaa mtu anayehofia jina lake lisije likaitwa asisikie.

Ni mzee wa saruji, ukubwa wa mtu kamili. Nilimkuta uani kwa mama mmoja upande wa Ntyuka, hapa Dodoma, pale nyumba zinapoanza kupandana na mawe, katikati ya ndoo za mchanga na kuku wanaoparura. Nasema bila kusita kwamba ndiyo sanamu bora ya binadamu niliyowahi kuiona katika jiji hili, na kwamba mahali pake si uani.

Nilifikaje huko? Wasanii wa hapa Dodoma walikubaliana wafungue karakana zao mwishoni mwa wiki, watu waingie bure, waulize, washike, wakipenda wanunue. Wengi wao ni wachoraji. Nilipita Area C, nikapita Chang'ombe, nikaona twiga wengi, Wamasai wengi na machweo mengi. Picha hizo zina wateja wake na zinasomesha watoto wa watu, sina ugomvi nazo. Ila nilikuwa natazama na kuendelea na safari. Kwa mama huyu niliingia saa tano asubuhi, nikatoka jua limeshapoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia unapokanyaga, hapo kuna mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa kichwa cha udongo, kimefunikwa gunia bichi, kiko chini karibu na mlango.

Mama huyu ametoka kwenye ukoo wa wafinyanzi. Ufinyanzi huku kwetu Ugogo ni kazi ya akina mama, na yeye alianza kukanda udongo kwa bibi yake akiwa mdogo: vyungu, mitungi, vibuyu vya udongo vya kuchezea. Kisha ikaja 2016, Serikali ikatangaza kwamba inahamia Dodoma kweli, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Mji ukageuka eneo la ujenzi. Vyungu havikuwa na soko, lakini saidia fundi walitafutwa kila kona. Akaenda kubeba zege. Huko kwenye ujenzi ndiko alikojifunza kukunja nondo, kufunga waya, kuchanganya saruji na kupiga plasta, kwa kuwatazama mafundi huku karai likiwa kichwani.

Naomba msomaji usilipite hili haraka. Mikono iliyofundishwa na chungu ikakutana na vifaa vya mji mkuu unaojengwa, na sanamu zake zimezaliwa hapo. Hakuna mji mwingine ambao ungeweza kumtoa mchongaji wa namna hii. Ndiyo maana nasema ni wa kwetu kwa maana kamili.

Alinieleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Sanamu ya saruji huanza na mifupa. Anakata nondo nyembamba, anazikunja ziwe uti wa mgongo, nyonga, mapaja na mikono, anazikaza kwa waya wa kufungia, kisha anavisha wavu wa kuku. Mifupa ikikosewa, hakuna plasta itakayoficha. Kwa mzee wa bahasha alivunja na kurudia mgongo hadi akapata ule mpindo mdogo wa kiuno wa mtu aliyekaa kwenye benchi lisilo na egemeo kwa saa nyingi. Tabaka la kwanza la saruji husukumwa ndani ya wavu kwa vidole. La pili ni mchanga uliochekechwa, sehemu mbili kwa moja ya saruji. La mwisho ndilo linalobeba sura, na ukishalipaka una saa chache tu kabla halijashika. Katika saa hizo anafanya kazi kwa kijiko cha chai, kisu cha jikoni kilichoisha makali na mfupa wa mbuzi alioukwangua mpaka ukawa laini.

Kinachofuata ndicho kilichonigusa zaidi. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kunywa maji, na Dodoma ni pakavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600. Upepo wa kiangazi unanyonya kila kitu. Plasta ikikauka kabla ya kukomaa hupasuka, na ufa ukipita usoni kazi yote imekwenda. Kwa hiyo alimvika mzee magunia mabichi, akawa anammwagilia asubuhi na jioni kwa zaidi ya wiki, kwa maji ya ndoo anayoyanunua. Majirani walikuwa wakipita na kumwuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Macho hakuyachora wala hakuyapaka rangi. Ameyachimba. Amefukua shimo dogo katikati ya kila jicho, kingo ya juu ameiacha itokeze kidogo, kivuli kinaingia humo na kuwa mboni. Kwa hiyo mzee hatazami kwa namna ile ile siku nzima. Saa tano alikuwa anatazama sakafu. Alasiri, jua liliposhuka upande wa Mkonze, alikuwa anatazama mlango.

Nilimwuliza mama, huyu ni nani? Akasema si mtu mmoja. "Mikono ni ya baba yangu. Shingo nimeiona stendi. Koti ni la mpangaji wa jirani, alitoka mbali kufuatilia mafao, akakaa hapa mpaka tukamzoea."

Kila mkazi wa Dodoma anamjua mtu huyu. Tangu ofisi zihamie huku, wanashuka kila asubuhi wakiwa na bahasha zao: mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo, mjane wa mirathi, mwalimu wa uhamisho, mwanakijiji wa mgogoro wa shamba. Ndani ya bahasha kuna barua ambazo nyingine zina umri mkubwa kuliko karani atakayezipokea. Nimewahi kukaa kwenye benchi kama lile, nimebeba karatasi za mtu wa nyumbani, nikaambiwa nirudi kesho na mtu ambaye hakuinua kichwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ule mkao wetu una heshima ndani yake. Mama huyu ameiona, akaikunja kwenye nondo. Mzee wake hajadhalilika. Amechoka, lakini amepiga rangi viatu.

Kuna vinyago vidogo pia, vya udongo wa kuchoma, vimepangwa kwenye ubao ukutani, kila kimoja kina urefu wa gunzi. Humo ndimo unapomwona mfinyanzi aliyelelewa na chungu: anavitoboa ndani viwe wazi, kwa sababu udongo mnene ukiingia motoni maji yaliyojificha hugeuka mvuke na kuupasua. Anachanganya vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa, ili udongo usijikunje sana ukikauka. Yuko kijana wa bodaboda aliyelala chali juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Yuko mama wa kokoto, na huyu nilimshika mkononi muda mrefu. Ameacha nyundo chini pamoja na ile pete ya mpira wa tairi ya kuzuia jiwe lisiruke, amesimama anajinyoosha. Uzito wote uko mguu wa kushoto, nyonga ya upande huo imepanda, bega lake limeshuka, kiganja kimebana kiuno kwa nyuma. Ukimtazama, kiuno chako mwenyewe kinauma. Magorofa yetu yote mapya yamesimama juu ya kokoto, na sehemu kubwa ya kokoto hizo imepita mikononi mwa wanawake kama huyu.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema uchongaji si wa huku. Eti ni wa Wamakonde, sisi tulipewa ngoma na zeze. Kwa kweli ngoma tunayo, mwanamuziki wetu wa Kigogo, Hukwe Zawose, aliipeleka duniani kote. Wamakonde nao wanastahili kila sifa wanayopewa kwa mpingo wao, na ukienda soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, utaona ni kwa nini. Lakini hata mtindo wa shetani, wa vinyago vya mapepo, ambao leo wageni wanaununua wakidhani ni wa tangu mababu, unatajwa kuanzishwa na mtu mmoja, Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Mtindo huanzia kwa mtu fulani, uani kwake. Na kuhusu kuchora binadamu, katikati ya Tanzania hatuna haja ya kuomba ruhusa kwa yeyote. Pandeni gari kwenda Kolo, Kondoa, barabara ya Babati. Kwenye miamba ile, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wana mitindo ya nywele ambayo mchoraji alihakikisha tunaiona. Waliochorwa pale hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wa hapo.

Sasa tazama sanamu zetu za hadharani. Nyerere Square tuna Baba wa Taifa, na ni haki yake. Dar es Salaam, makutano ya Samora na Maktaba, kuna Sanamu ya Askari, ya shaba, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia. Askari yule hana jina, ni mtu wa kawaida, na amekuwa alama ya jiji kwa karibu miaka 100. Lakini aliwekwa na wakoloni, akachongwa na Mwingereza, na yuko pale kwa sababu alishika bunduki. Mimi nataka mtu wa kawaida aliyechongwa na mtu wa kwetu, na awe amewekwa pale kwa sababu ni mwananchi tu. Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, ina barabara pana na bustani mpya zinazosubiri kupambwa. Badala ya kuagiza samaki wa kurusha maji, wekeni mzee wa bahasha. Kila mtumishi anayepita kwenda ofisini amwone kabla hajafungua mlango.

Nilitaka awekwe Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mbele ya wizara. Mama anataka stendi kuu ya mabasi kule Nanenane, au stesheni ya treni ya umeme, kwa sababu huko ndiko wanakoshukia, na mtu akifika mji wa ugeni ni vizuri akutane na mwenzake. Nimelifikiria, na bado nashikilia Mtumba. Tulichokubaliana ni kwamba asipandishwe juu ya nguzo. Akae chini, kimo cha watu, na benchi libakize nafasi ya mtu mmoja wa kukaa karibu naye.

Si kila mtu atakubali. Siku ile aliingia baba mmoja wa makamo, kofia kichwani, akazunguka sanamu taratibu, akasema, "Kazi nzuri, binti yangu, lakini kwangu haingii. Dini yangu hainiruhusu." Mama akamjibu kwa adabu, "Sawa baba, ndiyo maana nataka akae nje." Walicheka wote wawili. Naiheshimu imani hiyo, na ni ya watu wengi hapa, Waislamu na Wakristo pia. Ila mzee huyu hakuna anayemwomba kitu. Yeye ndiye mwombaji.

Wengine watasema saruji haina hadhi, iagizwe shaba. Shaba ni nzuri, lakini bei yake itaifanya iishie kwa wakubwa tu, na hapa kwetu mafundi wa kuimimina ni wa kutafuta kwa tochi. Saruji iliyofunika nondo vizuri, ikakingwa na mvua na kukaguliwa kila mwaka ili kutu isianze kusukuma plasta, inadumu miaka mingi. Tena ndiyo iliyojenga mji huu.

Mtaona sijataja jina lake. Ameniomba nisilitaje mpaka kazi iwe imesimama mahali pa watu, maana hataki wageni wajazane uani kwake kabla hajapata hata banda la kufanyia kazi. Nimemtii. Lakini hatukuelewana kuhusu jina la kuandikwa kwenye benchi. Yeye anasema jina si lazima, waseme tu ni ya mama mfinyanzi wa Ntyuka. Mimi nasema haitoshi. Yule Mwingereza wa 1927 anajulikana, anaitwa James Alexander Stevenson, yeyote anayetaka kujua atajua. Sanamu nyingi za saruji ninazozipita kwenye mizunguko ya barabara nchini sijaona ubavuni mwake jina la fundi hata moja. Siku mzee akiwekwa, liandikwe jina kamili la mama huyu na mwaka, kwa herufi ambazo mtu aliyekaa kwenye nafasi ile ya pili anaweza kuzisoma bila kuinuka. Nilimwambia hivyo akiwa amekwisha kurudi kwenye nondo zake, anakunja nyonga ya mama wa kokoto, safari hii ya ukubwa wa mtu kamili. Akasema tutaongea huyo akishakomaa.