Kumuuza Crochet hakukuwa kosa, tatizo la White Sox liko kwenye pochi

Usiku wa Septemba 30, 2025, pale Yankee Stadium, Garrett Crochet, mrushaji wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, alirusha mpira wake wa 117. Ulikuwa wa mwisho, na ndio uliokuwa na kasi kuliko yote aliyorusha msimu mzima: kilomita 161 kwa saa. Austin Wells, mpigaji wa Yankees, aliutazama ukipita, mwamuzi akahesabu straiki ya tatu. Boston wakashinda 3-1 mchezo wa kwanza wa mchujo. Kabla ya hapo Crochet alikuwa amefunga msimu wa kawaida na ushindi 18, straikauti 255 (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) na wastani wa mikimbio 2.59 aliyoruhusu kwa kila iningi tisa, ndani ya iningi (vipindi vya mchezo) 205. Chicago White Sox, timu iliyomlea kisha ikamuuza kwa Boston baada ya msimu wa 2024, ilikuwa tayari imefunga virago na vipigo 102.

Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, si ajabu mashabiki wa White Sox wanauliza ni uongozi gani unaouza mkono kama ule. Swali lao ni halali. Wametoka msimu wa 2024 wenye vipigo 121, idadi ambayo hakuna timu nyingine iliyowahi kuifikia tangu mwaka 1901, na Crochet alikuwa sababu pekee ya kuwasha televisheni mara moja kila siku tano. Isitoshe, habari za "vumilieni, chipukizi wanakuja" walishaambiwa. Desemba 2016 aliuzwa mrushaji Chris Sale, kesho yake Adam Eaton, Julai 2017 José Quintana. Mavuno yake ni kufika mchujo mara mbili, 2020 na 2021, na mara zote kutolewa raundi ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalowapa haki ya kununa. Ligi Kuu ya Marekani siku hizi haimpi anayefungwa zawadi ya moja kwa moja. Klabu inayochangia mfuko wa kugawana mapato, ambao klabu tajiri huzisaidia zile maskini, hairuhusiwi kupata nafasi ya bahati nasibu ya drafti (kura ya nafasi za mwanzo za kuchagua chipukizi) miaka miwili mfululizo. White Sox walishaitumia nafasi yao mwaka 2024, wakamchukua Hagen Smith akiwa wa tano. Kwa hiyo baada ya vipigo 121 hawakuweza kuchagua mbele ya nafasi ya 10 katika drafti ya 2025. Anayesema kufungwa kwa makusudi hakulipi ana ushahidi mezani.

Lakini kumuuza Crochet na kufungwa mechi 121 ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo mjadala umekuwa ukipotea njia.

Tuangalie kwanza kilichouzwa. Kabla ya 2024 Crochet alikuwa na iningi 73 tu za Ligi Kuu, zote za kupokea kijiti kutoka kwa wenzake. Msimu wote wa 2022 alikuwa nje kwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kuunda upya ligamenti ya kiwiko. Mwaka 2024 akageuzwa mrushaji wa kuanza, akaruka hadi iningi 146 na straikauti 209. Kuanzia Julai benchi lilimwekea breki: iningi nne hivi, basi, anatolewa hata kama anatesa. Hawakumwonea. Ongezeko la iningi kiasi kile kwa mwaka mmoja, kwa kiwiko kilichokwisha kufunguliwa mara moja, huogopwa na kila kocha wa warushaji. White Sox walikuwa wamebakiwa na miaka miwili ya kummiliki kabla hajawa huru. Walichouza ni miaka hiyo miwili, ikiwa kwenye bei ya juu kabisa iliyowahi kufikia.

Na kiwiko kina tabia zake. Ligamenti ya upande wa ndani huvutwa karibu na kikomo chake katika kila mpira wa nguvu. Misuli ya mkono chini ya kiwiko ndiyo inayopokea sehemu ya mzigo. Ikichoka, mzigo zaidi unahamia kwenye ligamenti. Dalili kwa kawaida hazianzi na maumivu. Kwanza mpira unakosa mahali ulipolengwa, wapigaji wanapewa besi za bure, kisha kasi inashuka kilomita mbili au tatu, na mkono unaanza kuachia mpira chini kidogo ya ulipozoea. Ligamenti ikikatika, daktari huchukua kano kutoka kwenye mkono chini ya kiwiko au nyuma ya paja na kuipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa mfupani. Kurudi uwanjani ni miezi 12 hadi 18. Upasuaji wa pili huchukua muda zaidi na matokeo yake hayana uhakika kama ya ule wa kwanza.

Mfano ambao kila mwenye hasira na mauzo ya Crochet anapaswa kuukalia ni wa Sale mwenyewe. Boston walimchukua, mwaka 2017 akatoa straikauti 308, mwaka 2018 akamtoa Manny Machado kwa straikauti na kombe likabebwa. Hadi hapo Boston walishinda ile biashara, hakuna ubishi. Machi 2019 wakampa mkataba mpya wa dola milioni 145 kwa miaka mitano kuanzia 2020. Mwaka 2020 hakurusha mpira hata mmoja, alikuwa ametoka kwenye Tommy John. 2021, iningi 42 na theluthi mbili. 2022, iningi 5 na theluthi mbili: mbavu, kisha kidole kilichopigwa na mpira uliorudi, kisha kifundo cha mkono alichovunja kwa kuanguka na baiskeli. 2023, iningi 102 na theluthi mbili. Jumla ni iningi 151 katika miaka minne ya kwanza ya mkataba. Crochet peke yake mwaka 2025 alirusha 205. Mwishoni mwa 2023 Boston wakampeleka Sale Atlanta wakiongeza dola milioni 17 ili aondoke, na akiwa Atlanta, mwaka 2024, akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, kwa ushindi 18 na wastani wa 2.38. Mkono uleule, mwajiri mwingine. Tofauti kati ya zile iningi 151 na ile tuzo haikuwa ujuzi wa skauti yeyote. Ilikuwa afya, na afya ya mrushaji hainunuliki dukani.

Ndiyo maana napenda zaidi walichokichukua White Sox safari hii kuliko safari zilizopita. Machi 2024 walimuuza Dylan Cease kwa San Diego na kichwa cha biashara kikawa mrushaji mwingine, Drew Thorpe. Thorpe alianza michezo 9, Septemba akafanyiwa upasuaji wa kuondoa mfupa ulioota kiwikoni, Machi 2025 akapelekwa Tommy John. Ukibadilisha mkono kwa mkono, hatari hubaki palepale na umri tu ndio unaobadilika. Kwa Crochet, meneja mkuu Chris Getz alichukua watu wanne, watatu kati yao si warushaji: mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) Kyle Teel, aliyechaguliwa wa 14 kwenye drafti ya 2023, Braden Montgomery wa uwanja wa nje, wa 12 mwaka 2024, ambaye alikuwa amevunjika kifundo cha mguu chuoni na hajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa, na Chase Meidroth wa uwanja wa ndani. Mrushaji alikuwa mmoja, Wikelman González.

Teel alipanda Ligi Kuu Juni 2025 na kupiga kwa wastani wa .273, akifika besi katika asilimia 37.5 ya zamu zake. Kwa mdakaji wa miaka 23 hizo ni namba za kuheshimu. Meidroth alicheza karibu msimu mzima. Kila mmoja wao anamilikiwa na klabu kwa miaka sita kamili kabla ya kuwa huru, na mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka miwili ya Crochet imekuwa miaka 12 ya Teel na Meidroth peke yao, bila kumgusa Montgomery.

Wapo wanaosema wangesubiri mwaka mmoja. Kwa mrushaji, kusubiri kuna gharama. Lucas Giolito aliuzwa Julai 2023 akiwa amebakiwa na miezi miwili ya mkataba, na ilibidi Reynaldo López atupwe ndani ya kifurushi ili kumpata mdakaji Edgar Quero na mrushaji Ky Bush. Hata hapo White Sox walikuwa na bahati: Angels waliowanunua Giolito na López waliwaachia bure mwishoni mwa Agosti. Kila mwezi unaopita mnunuzi anapunguza bei, na siku kiwiko kinapochanika bei inafika sifuri.

Sasa nije kwenye hoja ya wapinzani ambayo naiona nzito kuliko zote: kwa nini wasingempa wao mkataba? Aprili 2025 Boston walimfunga kwa dola milioni 170, miaka sita kuanzia 2026. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya White Sox ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Klabu ya jiji la tatu kwa ukubwa Marekani. Hapa nakubaliana na mashabiki moja kwa moja. Ukiwa na dari kama hilo, mrushaji bora huwezi kumbakisha, na kumuuza mapema ndilo jambo la busara pekee linalobaki. Dari lenyewe ndilo lisilokubalika.

Dari hilohilo ndilo lililoua kizazi cha 2021. Biashara za 2016 na 2017 zilitoa watu: Giolito alirusha no-hitter (mchezo ambao wapinzani hawapati pigo hata moja) dhidi ya Pittsburgh Agosti 2020, Cease alimaliza wa pili katika kura za Cy Young mwaka 2022 kwa wastani wa 2.20. Ila timu ya ushindi 93 ilibaki na mashimo kwenye besi ya pili na uwanja wa kulia, na badala ya kuyaziba kwa fedha, Julai 2021 walimtoa Nick Madrigal, mchezaji wao wa besi ya pili, ili kumpata Craig Kimbrel, mrushaji wa kufunga mchezo, huku Liam Hendriks akiwa tayari anafanya kazi hiyohiyo. Kimbrel akarusha kwa wastani wa 5.09. Shimo la besi ya pili likazidi kupanuka.

Kujaza warushaji, kwa upande mwingine, kunawezekana kwa njia za bei nafuu. Desemba 2024 White Sox walilipa dola 100,000 kumchukua mrushaji Shane Smith kutoka Milwaukee kupitia drafti ya Kanuni ya 5, inayoruhusu klabu kuchukua mchezaji ambaye klabu yake haikumlinda. Masharti yake ni magumu: mchezaji lazima akae kwenye kikosi cha Ligi Kuu cha watu 26 msimu mzima, la sivyo anarudishiwa klabu yake kwa nusu ya bei. Timu inayowania ubingwa haiwezi kumbeba mwanafunzi miezi sita. Timu iliyofungwa mechi 121 inaweza. Smith, ambaye hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti alipotoka chuo, akaenda kwenye mchezo wa nyota wote Julai 2025.

Angalizo moja kwa wanaofuatilia makinda: msihukumu mrushaji kwa wastani wake wa Charlotte, timu ya White Sox ya ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Uwanja ule ni mdogo, mpira wa juu unaokamatwa Birmingham, ngazi iliyo chini yake, unakuwa home run (unatoka nje ya uzio) pale. Mrushaji Noah Schultz alipanda huko Juni 2025 akapigwa sana, huku goti likimsumbua. Tazama kasi yake, besi za bure na straikauti kwa kila wapigaji 100 aliokutana nao.

White Sox sasa wana wadakaji wawili vijana, Teel na Quero, wote waliotoka kwenye mauzo ya warushaji, na wa bei rahisi kwa miaka kadhaa ijayo. Mkataba wa Benintendi unaisha 2027. Mmoja wao akikaa mezani na wakala wake baada ya hapo, tutaona kama milioni 75 bado ndilo dari.